Waliovaa jezi za mahasimu: dhana potofu kuhusu wachezaji wa NFL waliohamia upande wa pili

Ligi ya NFL, ya mpira wa Kimarekani (ule unaobebwa na kurushwa kwa mikono), ina timu 32 zilizogawanywa katika makundi manane, na kila timu hukutana mara mbili kwa msimu na zile tatu zilizo katika kundi lake. Ratiba hiyo ndiyo inayolisha uhasama: Packers wa Green Bay na Bears wa Chicago, kwa mfano, wamekuwa wakipambana tangu mwaka 1921. Mchezaji mwenye jina akihama kutoka upande mmoja kwenda wa pili, huitwa msaliti hata kabla hajaivaa jezi mpya. Hukumu hiyo mara nyingi imejengwa juu ya mambo ambayo hayakutokea kama yanavyosimuliwa, na ukichunguza utaona kwamba aliyeufungua mlango, mara nyingi, ni klabu yenyewe.

Dhana: Brett Favre aliwatoroka Packers ili akawachezee Vikings

Huu ndio uhamisho unaosimuliwa zaidi na kukosewa zaidi. Favre hata hakuanzia Green Bay. Falcons wa Atlanta walimchagua mwaka 1991, na Packers wakampata Februari 1992 kwa kutoa nafasi ya uteuzi ya raundi ya kwanza, yaani haki ya kumchagua mmoja wa vijana bora wanaotoka vyuoni. Alikaa Green Bay misimu 16, akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi mara tatu mfululizo kuanzia 1995 hadi 1997, ya mwisho akiwa amegawana na Barry Sanders, na akaiongoza timu kutwaa ubingwa wa msimu wa 1996. Machi 2008 alitangaza kustaafu huku akibubujikwa na machozi. Miezi michache baadaye alibadili nia, lakini klabu ilikuwa imekwisha kumkabidhi Aaron Rodgers nafasi ya kwotabeki, yule mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, na haikuwa tayari kumpokonya.

Agosti 2008 Packers wakampeleka New York kwa Jets, wakapata nafasi ya raundi ya tatu. Iliripotiwa kwa upana kwamba mkataba ule ulikuwa na kifungu cha kuwazuia Jets wasimgeuze na kumpeleka kwa Vikings wa Minnesota, mahasimu wa Packers wa kundi moja: wangefanya hivyo, wangewalipa Packers nafasi tatu za raundi ya kwanza. Klabu, kwa maneno mengine, iliuona mwisho wa hadithi mapema na ikajaribu kuuzuia kwa karatasi. Baada ya msimu mmoja Favre alistaafu tena, Jets wakamwachilia, akawa huru, na Agosti 2009 akasaini Vikings. Mtu anayeruka msimu mzima wa New York ili aseme kwamba Favre alivuka mpaka moja kwa moja anakuwa ameliacha nje jambo lenyewe, kwa kuwa ni Packers waliotangulia kuachana naye.

Hayo hayamwondolei Favre kila lawama. Kustaafu na kurudi kwake kuliichosha klabu, na hakuficha kwamba alitaka kuwaonyesha wakubwa wa Green Bay kuwa walikosea. Aliwashinda mara zote mbili msimu ule, 30 kwa 23 Minneapolis na 38 kwa 26 katika uwanja wa Packers wa Lambeau, na ushindi wa kwanza ulimfanya kuwa kwotabeki wa kwanza kuzishinda timu zote 32 za ligi. Alimaliza msimu wa kawaida akiwa na pasi 33 za tachidauni, yaani za kufunga kwa kufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani, na saba tu zilizonaswa na wapinzani, naye ana umri wa miaka 40. Hata hivyo, kwa maoni yangu, Packers hawakukosea: msimu uliofuata Rodgers aliwapa ubingwa.

Dhana: mchezaji huchagua mwenyewe kwenda kwa mahasimu

Msomaji aliyezoea usajili wa kandanda ya Ulaya huingia katika mjadala huu akidhani kwamba klabu hukubaliana ada, kisha mchezaji huulizwa kama anataka kwenda. Katika NFL mambo si hivyo. Klabu hubadilishana wachezaji kwa wachezaji au kwa nafasi za uteuzi, na isipokuwa wachache wenye kifungu maalumu katika mikataba yao, mchezaji hupewa taarifa tu. Pia klabu inaweza kuuvunja mkataba ambao bado una miaka, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha zilizoandikwa humo kwa kawaida haina dhamana.

Wala si kweli kwamba klabu huogopa kumpa hasimu silaha. Mwaka 1964 Eagles wa Philadelphia na timu ya Washington, wote wa kundi moja, walibadilishana makwotabeki: Sonny Jurgensen akaenda Washington, Norm Snead akaja Philadelphia. Jurgensen alicheza huko hadi 1974 na kuingia katika Ukumbi wa Mashuhuri, unaowaenzi wachezaji bora wa mchezo huu, na hapana shaka nani alipunjwa. Ungedhani Eagles walijifunza, lakini Aprili 2010 walimpeleka Donovan McNabb kwa Washington hiyo hiyo. Oktoba mwaka ule alirudi Philadelphia, mashabiki wakasimama kumpigia makofi, naye akawafunga 17 kwa 12. Mwaka 2002 Patriots wa New England walimtoa Drew Bledsoe kwa Bills wa Buffalo, wapinzani wao wa kundi, kwa nafasi ya raundi ya kwanza, kwa kuwa kijana aitwaye Tom Brady alikuwa amekwisha kuichukua kazi yake.

Dhana: wachezaji wa zamani walikuwa waaminifu zaidi

Walibaki, ndiyo, lakini kubaki kwao hakukutegemea mapenzi peke yake. Kwa miongo mingi kanuni za ligi ziliifanya hatua ya kuhama kuwa karibu haiwezekani hata mkataba ulipokwisha. Mwaka 1992 baraza la mahakama huko Minneapolis, katika kesi ya Freeman McNeil na wenzake, liliamua kwamba kanuni za wakati ule zilikiuka sheria za ushindani wa kibiashara. Makubaliano ya 1993 yakaleta uhuru wa kweli wa kuhama, na mwaka 1994 ukaja ukomo wa mishahara, ambao kila klabu hairuhusiwi kuuvuka. Ukomo huo ulianza na dola milioni 34.6 na kufikia milioni 255.4 mwaka 2024. Kanuni hizo mbili zikifanya kazi pamoja, klabu haiwezi kuwashika nyota wake wote, na anayeachwa hununuliwa na yeyote mwenye nafasi ya kumlipa, hasimu akiwemo.

Ndivyo Deion Sanders alivyotwaa ubingwa wa msimu wa 1994 akiwa na 49ers wa San Francisco na wa 1995 akiwa na Cowboys wa Dallas, wakati ambapo timu hizo mbili zilikuwa zikizuiana njia ya fainali kila mwaka. Ken Norton Jr. alifanya safari hiyo kinyume na kuwa mchezaji wa kwanza kutwaa ubingwa misimu mitatu mfululizo, miwili Dallas na mmoja San Francisco. Charles Haley, kwa upande wake, hakuwa huru. San Francisco walichoshwa na tabia yake wakampeleka Dallas mwaka 1992, na huko akaongeza mataji matatu juu ya mawili aliyokuwa nayo.

Dhana: anayehama hubeba siri za timu na kuiangamiza

Mfano unaopendwa ni wa Lawyer Milloy. Septemba 2003 Patriots walimwachilia siku chache tu kabla ya msimu kuanza, kwa sababu ya mshahara. Akaenda Buffalo, akamkuta Bledsoe, na Jumapili ya kwanza Bills wakawachapa Patriots 31 kwa 0. Watu wakasema siri zote zimeuzwa. Wasimuliaji wengi hukomea hapo. Mechi ya mwisho ya msimu huo wa kawaida iliwakutanisha tena, na safari hii Patriots ndio walioshinda 31 kwa 0, kisha wakatwaa ubingwa. Kama Milloy na Bledsoe walikuwa wamebeba siri, siri hizo hazikufika Desemba. Ishara na majina ya mipango hubadilishwa kwa urahisi, na kila timu huwa na picha za video za mechi za wapinzani wake.

Anayebeba kitu kizito zaidi ni kocha. Jon Gruden aliondoka kwa Raiders wa Oakland kwenda kwa Buccaneers wa Tampa Bay mwaka 2002, na fainali ya msimu huo ikamkutanisha na timu aliyoijenga mwenyewe. Mabeki wake walizinasa pasi tano, na Tampa Bay wakashinda 48 kwa 21. Lakini huyo ndiye aliyekuwa mtunzi wa mfumo ule, hakuwa mmoja wa waliouchezea.

Dhana: kila anayehama huongozwa na kisasi

Saquon Barkley aliachwa na Giants wa New York mwaka 2024 baada ya klabu kuamua kutomlipa alichotaka, akasaini miaka mitatu na Eagles, mahasimu wao wa kundi moja. Oktoba alirudi katika uwanja wa Giants, akazomewa, akakimbia na mpira yadi 176 katika ushindi wa 28 kwa 3. Hiyo ndiyo sehemu inayokumbukwa. Isiyokumbukwa sana ni mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida, tena dhidi ya Giants hao hao. Barkley alikuwa amekimbia na mpira yadi 2,005 msimu ule, akibakiwa na 101 tu kuivunja rekodi ya msimu mmoja ya 2,105 ambayo Eric Dickerson aliiweka mwaka 1984. Angetaka kisasi, asingepata siku nzuri kuliko hiyo. Eagles walimpumzisha, kwa kuwa mechi za mtoano zilikuwa zinakaribia, na wiki chache baadaye wakatwaa ubingwa kwa kuwafunga Chiefs wa Kansas City 40 kwa 22.

Dhana: mashabiki hawasamehi, na historia humhesabu mchezaji kwa upande mmoja

Kusamehe huchukua muda, basi. Darrelle Revis alitwaa ubingwa na Patriots msimu wa 2014, na mara tu baadaye Jets, mahasimu wa Patriots waliomlea, wakamrudisha kwa mkataba mnono. Jim McMahon, bingwa na Bears msimu wa 1985, alipata taji jingine akiwa kwotabeki wa akiba wa Packers msimu wa 1996; Packers walipoalikwa Ikulu ya Marekani, yeye alikwenda na jezi ya Bears. Naye Favre aliyezomewa Lambeau mwaka 2009 alirudi uwanjani humo Julai 2015, jezi yake namba 4 ikastaafishwa mbele ya uwanja uliojaa.

Mwaka uliofuata aliingia katika Ukumbi wa Mashuhuri huko Canton, Ohio. Wengi hudhani kwamba anayeingia humo hulazimika kuchagua timu moja, kama inavyoonekana katika ukumbi wa besiboli, ambako vibao vya wachezaji huonyesha kofia zenye nembo. Canton huchonga kichwa kitupu cha shaba, bila kofia wala nembo, na jina la mchezaji huandamana na orodha ya timu zake zote, kwa hiyo Minnesota imo katika kumbukumbu za Favre kama ilivyo Green Bay.