Picha za kichanga si lazima zingoje arobaini

Hapa Dodoma wazazi wengi huambiwa kichanga asipigwe picha mpaka arobaini ipite. Kwa zile picha za mtoto aliyejikunja usingizini, hapo umeshachelewa: hupatikana kwa urahisi kati ya siku ya 5 na ya 14, kabla hajazoea kujinyoosha. Mpiga picha aje nyumbani, anawe mikono. Mwenye mafua abaki kwake. Juni na Julai, kwa baridi na upepo wetu, pasheni chumba joto kwanza, ila kamwe si kwa jiko la mkaa. Moshi wake usioonekana unaua.

Na ile picha ya kichanga aliyeegemeza kidevu juu ya viganja vyake? Ni picha mbili zilizounganishwa, mkono wa mama ulioshika kichwa ukafutwa. Anayetaka kumwachia mtoto akae hivyo peke yake, mkatalieni. Mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, asubiri ruhusa ya daktari.