Kabla ya kushona sketi, jua maji yanaingilia wapi

Wengi wanaoniletea kayaki huanza kwa kuniuliza sketi ipi, yaani kitambaa kinachobana ukingo wa tundu la kukalia ili maji yasiingie, inawafaa. Mimi huwarudisha nyuma kidogo: umeshajua maji yanaingilia wapi? Nimeona watu wakishona sketi nzuri kabisa na bado wakarudi pwani wamekalia maji, kumbe yalikuwa yakipenya kwenye skrubu nyuma ya kiti.

Kupima ni rahisi. Kausha chombo mpaka ndani kabisa, kisha bandika vipande vya karatasi laini chini ya kila skrubu na kila kiungo cha sitaha. Mwagia maji juu kwa nguvu, ukilinda tundu lenyewe lisiingize kitu. Karatasi iliyolowa ndiyo itakayokuonyesha. Baadaye mimina ndoo moja ndani, laza kayaki ubavu huu kisha ule, utazame nje panapotoka matone. Kwa kayaki za plastiki ya polithini, usikimbilie kupaka silikoni, maana haishiki vizuri kwenye plastiki hiyo na hubanduka baada ya safari chache. Fungua skrubu, weka washa ya mpira, yaani pete bapa ya kuziba, kaza tena. Basi.

Mlango wa pili ni kafi, na huu watu huudharau. Kila bapa linapoinuka, maji hutiririka kwenye mpini mpaka mkononi, kisha mapajani. Tuseme kila pigo linaleta mililita 1 tu. Kwa mapigo 50 kwa dakika, saa moja inakupa lita 3. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba ni ngama yako, sehemu ya chini ndani ya chombo. Kata pete mbili za mpira kutoka tyubu ya baiskeli, zivishe kwenye mpini karibu kiganja kimoja kutoka kila bapa, uzikunje ukingo wake uelekee bapa kama kikombe kidogo. Zikikaa karibu na mikono, maji yatadondokea mapajani vilevile. Zikikaa karibu mno na bapa, zitazama kila pigo na kuchota maji zaidi.

Kisha kuna wimbi linalopanda omo, yaani ncha ya mbele ya chombo, na kuteleza juu ya sitaha hadi kwako. Hapa ndipo napenda sana kazi ya mkono, kwa sababu kitu kidogo hufanya mengi. Chukua sponji ya bomba, ile inayovishwa mabomba ya maji moto, ambayo haifyonzi maji. Pitisha ndani yake kamba ya mpira iliyopo tayari kwenye sitaha, ukiipanga iwe na umbo la V, ncha ikitazama omo. Maji yanayokuja hugawanyika na kumwagikia pembeni. Hakuna gundi, hakuna tundu jipya, na ukikosea pembe unaisogeza tu. Kwenye maji yenye mawimbi madogo, pete za kafi na V hiyo zinaweza kukutosha bila sketi yoyote.

Ukihitaji sketi, anza na nusu sketi, inayofunika mbele ya tundu tu. Weka karatasi kubwa juu ya ukingo, chora mzunguko wake, ongeza sentimita 7 hivi kwa ajili ya pindo litakaloshuka chini ya mdomo wa ukingo. Tumia nailoni iliyopakwa utando wa kuzuia maji, na ndani ya pindo pitisha kamba ya mpira. Kitambaa kikilala bapa, maji yatatuama katikati na uzito wake utakishusha mapajani. Kwa hiyo weka upinde chini yake: kipande chembamba cha bomba la plastiki kilichopashwa moto na kukunjwa. Mishono ipake gundi ya kuzibia mishono, maana kila tundu la sindano ni mlango.

Sasa naomba unisikilize kwa makini. Sketi kamili ya kwanza niliyoshona niliikaza kwa fahari. Haikuingiza hata tone. Tulipoijaribu kwenye maji ya kiunoni, mwenzangu akiwa amesimama kando, nilipinduka, nikatafuta kitanzi cha mbele cha kuvuta ili sketi itoke, sikukipata. Kilikuwa kimekunjika na kuingia chini ya pindo. Mwenzangu ndiye aliyenigeuza. Tangu siku ile, kitanzi changu hakipungui upana wa ngumi, kina rangi kali na mpira mdogo mgumu mbele unaokizuia kulala. Kabla ya kuondoka nakigusa kwa mkono, kila safari.

Kipimo changu cha kukaza ni hiki: sketi ivumilie kibao cha wimbi, lakini itoke kwa mkono mmoja ukivuta kitanzi mbele kisha juu. Ikihitaji mikono miwili, legeza kamba. Usiifunge kwa fundo, vifungo vya chuma wala gundi. Na ule mfuniko wa kufunika tundu wakati kayaki iko juu ya gari haukutengenezwa kuvaliwa majini, usiugeuze sketi.

Maji yatakayobaki ni ya sifongo, au ya pampu ya mkono mambo yakichafuka. Lita moja ni kilo moja, na kilo hizo hukimbilia upande ule ule chombo kinapolalia. Ndiyo maana nyuma ya kiti na mbele ya miguu najaza mifuko ya hewa na kuifunga imara, ili mahali pale maji yasipate nafasi hata tundu likifurika.