Moshi wa Mukuru: kwa nini watafiti wanachora ramani na kuigiza?

Mukuru ni wapi, na hewa yake ina nini?

Ni mitaa ya mabanda inayopakana na Eneo la Viwanda jijini Nairobi: Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani. Moshi wa viwanda na malori unawakuta watu ambao tayari wana moshi wao: makaa, stovu ya mafuta ya taa, taka zinazochomwa, vumbi la barabara. Wengi wanaishi chumba kimoja, humo humo wanapika na kulala.

Moshi huo unamdhuru mtu vipi?

Chembe mbaya zaidi huzioni. Zile ziitwazo PM2.5 ni nyembamba kuliko unywele kama mara thelathini. Pua haizizuii, hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu, nyingine zikaingia kwenye damu. Kwa hiyo usifikirie kikohozi na pumu peke yake: kuna nimonia kwa watoto, maradhi ya moyo, kiharusi. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 za chembe hizo kwa kila mita ya ujazo ya hewa.

Vipimo si vipo? Maigizo ya nini?

Kipimo kitakuonyesha kwamba saa moja jioni hewa ya chumba imechafuka. Hakitakuambia kwa nini mama anapika mlango ukiwa umefungwa. Ukimpelekea dodoso atajibu "napika ndani", basi. Mwombe aigize jioni yake, na utaona mengine: mvua imeanza, jiko linaingizwa ndani, jirani ameshalalamika moshi unamwingilia, nje kuna mtaro wazi na mtoto ndiyo kwanza anatambaa. Ule mlango aliufunga kwa sababu.

Katika aina moja ya maigizo, mchezo husimamishwa katikati na mtazamaji huchukua nafasi ya mwigizaji: "Mimi ningefanya hivi." Mwenzake anampinga. Hapo mtafiti anasikia mambo ambayo hakujua hata kuyauliza.

Ramani nayo ni hivyo. Karatasi kubwa inatandazwa sakafuni. Fundi wa kuchomelea anatia alama kwenye karakana yake, muuza chapati kwenye kibanda chake, na mwanafunzi anachora kichochoro anachopita akiwa ameziba pua. Mtafiti mgeni angekitoa wapi kichochoro hicho?

Hili limewahi kufanyika kweli?

Ndiyo. Mwaka 2018 Mtandao wa AIR, mradi wa utafiti wa uchafuzi wa hewa, uliwakutanisha wakazi wa Mukuru, wasanii na watafiti wa Afrika na Ulaya, wakatumia hadithi, ramani, maigizo na muziki. Baadaye ukaja utafiti wa Tupumue, uliolinganisha mapafu ya watoto wa miaka 5 hadi 18 wa Mukuru na wa mtaa jirani wa Buruburu, wenye hali nafuu zaidi. Nalipenda jina hilo. Hata mtoto analielewa bila kufafanuliwa.

Wakazi hawatumiwi tu?

Wanaweza kutumiwa, na wana haki ya kuwa na shaka. Anayeacha kibanda chake siku nzima amepoteza kipato, kwa hiyo muda wake ulipwe. Matokeo yarudishwe mtaani kwa lugha ya mtaani kabla hayajasafiri kwenda kwingine. Na mama wa jiko asifanywe mkosaji huku bomba la kiwanda likiachwa hivi hivi.

Nyumbani nianzie wapi?

Washia jiko nje, na likiwa ndani fungua mlango na dirisha. Watoto wakae mbali na moshi. Kisha kuna hili ambalo wengi hukosea: makaa yakishaiva hayatoi moshi unaoonekana, lakini bado yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Usilale na jiko ndani, hata usiku wa baridi ya Julai. Mtu akiumwa kichwa, akiona kizunguzungu na kichefuchefu karibu na jiko, mtoeni nje mara moja na mumpeleke hospitali.