Maiki umeichomeka, lakini ndiyo inayorekodi?

Wengi wanaorekodi matangazo na nyimbo majumbani, kuanzia Mikindani hadi Masasi, huamini kwamba maiki ya USB ikishachomekwa kwenye kompyuta, Audacity, programu ya kurekodi sauti, itaitumia yenyewe. Sauti ikitoka na mwangwi wa chumba kizima, lawama zote kwa maiki: feki hiyo!

Mara nyingi maiki haina kosa. Katika matoleo mengi, Audacity husoma orodha ya vifaa vya sauti pale inapofunguliwa. Ukichomeka maiki baadaye haiioni. Inaendelea kurekodi kwa kile kijimaiki cha laptopu, pamoja na feni yake na bodaboda anayepita nje. Ifunge uifungue tena, au iamuru itafute vifaa upya, kisha uchague mwenyewe kifaa cha kurekodia. Kuhakikisha, ikwaruze maiki kwa ukucha: kipimo cha sauti kisiporuka kwa nguvu, bado inayosikiliza ni laptopu.

Chagua chaneli moja pia, maana maiki nyingi za aina hii ni mono. Na wanaopandisha kiwango cha sampuli, yaani mara ambazo sauti hupimwa kila sekunde, hadi 96000 Hz wakidhani sauti itang'aa? 44100 Hz hubeba masafa ya sauti ya hadi Hz 22050, ilhali sikio la mtu huishia karibu na 20000. Kitakachojaa ni diski tu.