Bibi mmemtengea dakika ngapi?

Kila mwaka ikikaribia Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani, na tena Novemba 25 zinapoanza siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, simu yangu haitulii. Wanafunzi wanaandaa kongamano na wanatafuta "bibi mmoja wa Kariakoo aje aseme kidogo mambo ya TANU", chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika. Nafundisha historia simulizi, na kwa zaidi ya miaka kumi nimesaidia kuandaa shughuli za namna hii vyuoni Dar es Salaam. Huwa nawauliza kwanza: huyo bibi mmemtengea dakika ngapi?

Nina sababu. Kongamano la kwanza nililoshiriki kuliandaa tulimleta mama mmoja aliyecheza lelemama, ngoma ya akina mama wa pwani, usichanani mwake. Tukamkalisha mstari wa pili, nyuma ya wageni rasmi. Mawasilisho matatu yakasomwa kwa Kiingereza, yeye ametulia, mikono juu ya mkoba. Kipaza sauti kilipomfikia, adhana ya alasiri ilikuwa imeshalia na mshereheshaji akamwambia, "Bibi, kwa kifupi tu." Akasema, "Namshukuru Mungu, uhuru tuliupata," akakirudisha. Yale aliyonisimulia barazani kwake kwa saa tatu hayakufika ukumbini. Kosa lilikuwa letu waandaaji, na mpaka leo linaniuma.

Linaniuma kwa sababu najua kilichopotea. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, na mwaka wake wa kwanza wanawake walikuwa wachache mno ndani yake. Mwaka 1955 alikuja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza wanawake wako wapi. Jibu likaja kuwa Bibi Titi Mohamed, mwanamke wa Dar es Salaam ambaye hakufika hata miaka thelathini, mwenye elimu ya darasa la nne, aliyekuwa akiongoza kuimba katika kikundi cha ngoma cha Bomba. Hakuanza na hotuba uwanjani. Aliwafuata viongozi wa vikundi vya ngoma za akina mama, kila kiongozi akarudi kwa wenzake na ujumbe. Katika miezi michache tu wanawake wa mji huu wapatao 5,000 walikuwa wameshajiunga.

Wanafunzi wengi wakisikia "ngoma" hufikiria burudani ya kupokelea mgeni rasmi. Hapo ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi. Kikundi cha lelemama kilikuwa na uongozi wake, michango yake, sare zake, na kazi ya kusaidiana kwenye harusi na misiba. Kiliwakusanya wanawake wa makabila mbalimbali, lugha yao Kiswahili. Habari ikiingia kwa kiongozi asubuhi, jioni imeshafika Gerezani na Ilala. Chama kilikuta mtandao umekwisha kufumwa na akina mama wenyewe, tena kwa shughuli zao wenyewe. Ukisoma mafaili ya serikali ya kikoloni peke yake, huupati. Umo kwenye nyimbo, kwenye majina ya vikundi, kwenye kumbukumbu ya nani alisimama karibu na nani kwenye mstari.

Ndiyo maana simwachi mtu amwalike bibi kwa simu. Tunakwenda nyumbani kwake mara tatu. Mara ya kwanza ni shikamoo, chai na kufahamiana, kinasa sauti kinabaki kwenye mkoba. Mara ya pili tunamwomba aite shoga zake wa zamani walio hai, maana mmoja akisahau jina mwingine hulikumbuka, na wakibishana ndipo mambo yanapotoka. Tunaanza na ngoma, siasa inajileta yenyewe. Mwaka hatuulizi kwa tarakimu. Tunauliza kama ilikuwa kabla au baada ya mtoto wake fulani kuzaliwa. Mara ya tatu tunazungumzia ridhaa: kipi kisemwe ukumbini, kipi kibaki kwake. Wako wanaosema wimbo fulani usirekodiwe kwa sababu uliwasema watu ambao wajukuu wao ni majirani. Tunaheshimu.

Na maneno nayo yana mtego. Mwanafunzi mmoja aliwahi kumuuliza bibi, "Mlikuwa mkipigania usawa wa kijinsia?" Bibi akamtazama, akageuka kwangu. Neno "jinsia" kwa maana hii lilienea zaidi miaka ya 1990, wakati wa mkutano wa Beijing wa 1995 ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella. Bibi na wenzake walisema "akina mama" na walisema "uhuru". Tulipobadilisha swali, nani alikuruhusu kutoka nyumbani usiku kwenda mkutanoni, alizungumza dakika arobaini bila kupumzika: mume aliyekataa, mama mkwe aliyembebea mtoto ili aende. Mada ya jinsia ilikuwa hapo yote.

Jambo jingine ninalolishikilia: msiishie 1961, mwaka wa uhuru. Mabango ya vyuoni hupenda kumweka Bibi Titi jukwaani na Mwalimu Nyerere, basi. Lakini alitofautiana na uongozi baada ya Azimio la Arusha la 1967, mwaka 1969 akakamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1972. Alifariki mwaka 2000. Leo barabara kubwa katikati ya mji ina jina lake. Wanafunzi wanaojadili haki wanastahili kuujua mkasa huu wote, na mjadala wake ndio huwa mkali kuliko wowote.

Kuhusu ukumbi sina mengi: Kiswahili, bibi meza kuu, azungumze wa kwanza, nauli apewe kabla, ratiba ipishe swala. Anayetaka kuona inavyowezekana aende TGNP, Mtandao wa Jinsia Tanzania, pale Mabibo kwenye semina za Jumatano, asikilize mama lishe na mwanafunzi wakibishana hoja kwa hoja.

Halafu sauti irudishwe kwa mwenyewe. Mwaka jana tulimpelekea bibi mmoja nakala, tukamwekea kwenye simu ya mjukuu wake. Akausikiliza wimbo wake mpaka mwisho, vidole vyake vikicheza juu ya khanga. Kisha akasema, "Ubeti wa tatu nimeukosea. Kitoe hicho kidude chako, tuuimbe tena."