Makande yanashibisha, ila kwenye lishe hapo ndo tuongee

Wazazi wenzangu na walimu wa chakula, leo tuchungulie ndani ya sufuria la shule. Sitaki kuandika menyu ya ndoto, nyama Jumatatu, kuku Jumatano, maziwa kila siku, hiyo mtaisoma mtacheka mtapita na mtakuwa na haki, maana shule zetu nyingi za msingi Tanzania zinapika makande au ugali maharage kwa mahindi na maharage mliyochanga nyie wenyewe. Elimu bila ada ilipoanza 2016, chakula cha mchana kilibaki kwa wazazi na kamati ya shule. Kwa hiyo naanzia hapo hapo kwenye makande.

Na kabla sijayasema vibaya niyatetee kidogo, kwa sababu kuna watu wa lishe wakisikia makande wanakunja sura. Mahindi peke yake protini yake ina pengo, ina kiasi kidogo tu cha ile sehemu ya protini inayoitwa laisini, sasa maharage yanayo laisini tele, ukiviweka pamoja kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Bibi zetu hawakusoma kemia ila walijua. Mgao uliotumika miaka mingi kwenye chakula cha shule Kenya ni gramu 150 za nafaka, gramu 40 za mikunde na gramu 5 za mafuta kwa mtoto kwa siku, hapo mtoto anapata kama kalori 700 hivi, ambayo kwa mtoto wa darasa la tatu ni zaidi ya theluthi ya mahitaji yake ya siku nzima. Shibe ipo, protini siyo mbaya. Kisichokuwepo ni vitamini A, vitamini C na B12, ukitumia mahindi meupe hivyo vyote ni karibu na sifuri, halafu kalsiamu ni kiduchu na madini chuma yaliyopo kwenye maharage mwili unayanyonya kwa shida. Yani mtoto anatoka kashiba vizuri tu na bado damu yake ni pungufu.

Sasa kabla ya kuongeza kitu kipya hebu tuhakikishe hicho kilichopo kinafika kwanza. Mwaka wa masomo una siku 194. Gramu 40 za maharage mara 194 ni karibu kilo 8 kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Mahindi gramu 150 inakuja kilo 29, yani debe moja na nusu. Mafuta ni kama lita moja na kidogo. Mwaka mzima! Shule kibao zinaomba madebe mawili ya mahindi na kilo 5 za maharage kwa sababu mwaka jana iliombwa hivyo na mwaka juzi hivyo hivyo, hakuna aliyekaa na kalkuleta, na kilo 5 ukigawa unapata gramu 26 kwa siku, hapo bado hujatoa yaliyobunguliwa na wadudu stoo. Ndo maana ikifika mwezi wa tisa sufuria linakuwa mahindi matupu, maharage unayahesabu kwa kidole, halafu tunamlaumu mpishi. Mzazi akipunguziwa nusu debe la mahindi akaongezewa kilo 3 za maharage na lita moja ya mafuta, mchango wake haupandi sana ila chakula kinakuwa kingine kabisa. Mimi kama ningepewa kubadilisha kitu kimoja tu shuleni ningebadilisha hiyo hesabu, mengine yote baadaye.

Halafu kuna jambo la upawa. Simama pembeni siku ya ugali maharage uangalie mstari. Maharage yanazama, mchuzi unabaki juu, mama mpishi anaanza kuchota juu juu ili yasiishe haraka, wa kwanza wanapata mchuzi mwekundu wenye maharage matano ukiwa na bahati, katikati inakuwa afadhali, wa mwisho wanakuta uji mzito wa chini au wanakuta hakuna kitu, na hao wa mwisho mara nyingi ni wale wadogo wa darasa la kwanza waliosukumwa na wakubwa. Dawa yake haina gharama. Wadogo wapange mbele, mwiko uzungushwe mpaka chini kila baada ya watoto kadhaa, na kipimo kiwe kimoja, kikombe kile kile cha plastiki kwa wote. Kamati za shule zinajadili rangi ya bati vikao vitatu, hili hakuna anayeligusa.

Tuje kwenye damu sasa. Madini chuma ya kwenye maharage na majani yamefungwa na vitu vinavyoitwa faiteti, zimo kwenye mahindi pia. Kuloweka kunapunguza hizo. Maharage yalale kwenye maji usiku kucha, asubuhi maji yale mwaga, weka mengine, na faida nyingine yanaiva mapema, moshi unapungua, gesi ya kupikia pia, na siku hizi ambapo taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimeagizwa kuacha kuni na mkaa hiyo siyo faida ndogo. La pili ni vitamini C mlo ule ule, kipande cha papai, pera, chungwa, embe msimu wake, hata ndimu iliyokamuliwa kwenye kachumbari, inasaidia mwili kunyonya chuma sana tu. Walioko Dodoma na Singida mna mibuyu, unga wa ubuyu ukiweka kwenye uji ukishaepuliwa unapata vitamini C bila kununua chungwa (nasema unga wa ubuyu, siyo zile ubuyu za rangi nyekundu na sukari zinazouzwa getini). La tatu ni chai. Chai ya rangi na makande havikai meza moja, ile chai inakamata chuma kabla mwili haujakipata, kama chai ni lazima iwe ya asubuhi na ikae mbali na mlo kwa saa moja au mbili.

Kwa upande wangu lakini, mfalme wa sufuria la shule ni dagaa. Wa Mwanza, wa Kigoma, wowote. Wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, wana B12 ambayo mahindi na maharage hayana hata chembe, analiwa mzima na mifupa yake kwa hiyo kalsiamu ipo, na chuma ya samaki inanyonywa kirahisi na inaivuta na ile ya maharage. Kiasi ni kidogo mno, gramu 10 kwa mtoto mara mbili kwa wiki haifiki hata kilo moja kwa mwaka mzima. Malalamiko nayajua, mchanga, harufu, uchungu. Mchanga unatokana na kuanikwa chini, waoshwe na maji ya uvuguvugu mara mbili tatu, na kamati ikinunua itafute wa kuanikwa kwenye chanja. Harufu na uchungu utapunguza ukiwakaanga wakavu bila mafuta mpaka wakauke kabisa, kisha watwangwe, unga wake unamwagwa kwenye makande dakika za mwisho na mtoto mchaguzi haoni jicho linamwangalia. Ila watoto waulizwe, kuna wenye aleji ya samaki na wengine kwao hawali, hao wapakuliwe kabla unga haujaingia.

Majani nayo. Hapa kuna wimbo wa bustani ya shule, kila mgeni akija anaonyeshwa matuta. Mimi napenda bustani ila tufanye hesabu tena, watoto 400 ukimpa kila mmoja gramu 50 za majani ni kilo 20 kwa siku, hayo matuta sita ya mchicha yatatoa hiyo mara ngapi? Na likizo ya mwezi wa sita nani anamwagilia. Bustani ichukuliwe kama darasa, chakula kitoke nyumbani, madarasa yapeane zamu, Jumanne hawa Alhamisi wale, kila mtoto aje na fungu dogo la matembele, majani ya kunde, mchicha au majani ya maboga, chochote kilichopo. Yaoshwe kabla ya kukatwa, ukikata kwanza ndo uoshe virutubisho vingi vinaenda na maji, na yaingie mwishoni yapate dakika chache tu. Kisamvu peke yake ndo tofauti, kile kitwangwe na kichemshwe sana kwa sababu kina sumu yake. Kwenye eneo la shule pandeni vitu ambavyo havifi ukivisahau kidogo, mipapai, mlonge, matembele pembeni ya bomba.

Mafuta nimeyataja kwenye hesabu, nirudie kwa sababu ndo yanakatwa wa kwanza bajeti ikibana. Ile vitamini A ya kwenye majani na karoti haiingii mwilini vizuri bila mafuta, kwa hiyo majani ya kuchemsha matupu yanapita tu. Shule za maeneo ya viazi, Kanda ya Ziwa mnanisikia, viazi lishe vile vya rangi ya chungwa kama Kabode na Mataya, gramu 125 tu, yani kiazi kimoja kidogo, zinamtosha mtoto mdogo vitamini A ya siku. Siku moja kwa wiki uji na kiazi lishe badala ya uji mtupu, bei haina kelele.

Kuna suala la dona na sembe ambalo watu wa lishe tunalisemaga nusu nusu. Dona ni bora, kiini na maganda yamebaki na humo ndo kuna vitamini B, madini na nyuzinyuzi. Lakini sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu, ikiingia kwenye mahindi inajaa zaidi kwenye maganda na kiini, sasa mahindi yaliyooza ukiyasaga dona unamlisha mtoto na sumu yote. Hii siyo stori, mwaka 2016 Dodoma na Manyara waliugua watu 68 na 20 wakafariki, chanzo kikiwa mahindi yenye sumukuvu, na wengi walikuwa watoto. Kwa hiyo siku ya kupokea michango stoo awepo mtu mwenye macho, mahindi yaliyobadilika rangi, yenye ukungu au yaliyosinyaa yakataliwe bila aibu, hata kama ni ya mwenyekiti. Yawe makavu kweli, yakae juu ya chaga mbali na ukuta, ukiweza kwenye ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Kupika hakuitoi hiyo sumu.

Kwa haraka haraka: chumvi iwe ya madini joto na iwekwe mwishoni, na kopo lake lifungwe. Na unga wa lishe ule wa nafaka saba karanga na soya vyote vimesagwa pamoja mimi sishauri, karanga zinaufanya uharibike haraka, uji wa dona safi halafu karanga iliyosagwa pembeni ikaongezwa jikoni inatosha.

Najua kuna watakaosema mbona Nairobi mtoto analipa shilingi tano tu za Kenya, anagusisha bangili ya malipo anakula. Ni kweli, Dishi na County, mpango wa chakula cha shule wa kaunti ya Nairobi, ulianza 2023, majiko makubwa yanapikia shule nyingi kwa pamoja na serikali ya kaunti imeweka hela, nawapongeza. Inawezekana mjini ambako shule zimesongamana na barabara zipo, huku kwetu shule na shule ni kilomita nane na mto katikati.

La mwisho ni la watoto ambao wazazi hawajachanga. Kuna shule wanakaa chini ya mti wakati wenzao wanakula, mwalimu anaona ni njia ya kumbana mzazi, na mara nyingi huyo ndo mtoto ambaye hata asubuhi hakunywa chochote. Kamati ikae na orodha mapema, mwezi wa kwanza, mzazi aliyeshindwa debe apewe kingine anachokiweza, kuleta majani zamu mbili, kuteka maji, kuja kuchambua mahindi siku ya stoo, na iandikwe kwenye muhtasari wa kikao ili mwezi wa tisa mtu asije akabadilisha maneno.