Siku ya Tatu Mpe Jembe: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli Kuhusu Kusafiri kwa Kujitolea

Darasa la tatu nilifundishwa majina ya rangi kwa Kiingereza mara nne. Shule yetu iko nje kidogo ya mji wa Moshi, na kila baada ya wiki chache tuliletewa mvolontia mpya, mwenye moyo mzuri na begi kubwa mgongoni. Anachora upinde wa mvua ubaoni, anaanza upya. Hakuna aliyemwambia kwamba mwenzake aliyemtangulia aliufuta upinde kama huo majuma mawili nyuma. Sisi wimbo tulikuwa tunaujua tayari, tukauimba kwa sauti kubwa, naye akafurahi kwamba tunashika haraka.

Miaka mingi baadaye nami nikabeba begi. Nilitumikia mwaka mzima katika nyumba ya wazee Ujerumani, likizo zangu nikizimalizia kwenye hosteli za Ulaya, kisha nikaenda kupanda ngazi za mawe za Nepal. Kwa hiyo nimekaa pande zote mbili: nimekuwa mtoto anayeletewa msaada, na nimekuwa mgeni anayesema amekuja kusaidia. Vijana wananiuliza mengi kuhusu safari hizi, na sehemu kubwa ya wanayoyaamini si kweli. Mengine yanawapotezea fedha tu. Mengine yanaumiza watoto wa watu, na hayo ndiyo yaliyonikalisha chini niandike.

"Kubeba begi ni mambo ya Wazungu"

Mwaka 1896 Salim bin Abakari, mtu mwenye asili ya Komoro, alifuatana na Mjerumani aliyekuwa akimtumikia hadi Urusi na Siberia, akaiandika safari hiyo kwa Kiswahili. Maandishi yake yakachapishwa mwaka 1901. Watu wa pwani walikuwa wakisafiri na kuandika kabla babu yangu hajazaliwa.

Na kujitolea vilevile. Mpango wa Umoja wa Mataifa wa Watu wa Kujitolea, ulioanzishwa mwaka 1970 na wenye makao yake makuu Bonn, Ujerumani, hupeleka watu sehemu nyingi za dunia kwa posho ya kujikimu, na wengi wao wanatoka nchi zinazoendelea kama yetu. Ujerumani nayo ilianza mwaka 2008 kupeleka vijana wake nje kwa mpango uitwao weltwärts. Kuanzia mwaka 2013 mlango huo ukafunguliwa na upande wa pili, ili vijana wa huku nao waende kule. Nilipita hapo. Unapokelewa kwa mwaka mmoja hivi, unapewa malazi, chakula, bima na pesa ya mfukoni, na siku 25 za semina zimo ndani ya utumishi wenyewe. Kijerumani kidogo unajifunza kabla hujaondoka, kingine unakilia machozi ukiwa kule.

"Wazungu wanawatupa wazee wao"

Hili nililiamini kabisa. Shangazi alinisindikiza uwanja wa ndege wa Kilimanjaro akinisihi nikawapende wazee wale, maana watoto wao wamewakimbia.

Takwimu za Ujerumani zenyewe zinasema vingine. Mwishoni mwa mwaka 2021 nchi hiyo ilikuwa na watu takriban milioni 5 wanaohitaji matunzo, na zaidi ya wanne kati ya kila watano walikuwa wakitunzwa nyumbani, wengi wao na jamaa zao. Tangu mwaka 1995 kila mtu analazimika kuwa na bima ya matunzo, na fedha za bima hiyo zinaweza kumlipa hata binti anayemwangalia mama yake sebuleni. Wanaofika kwenye nyumba ya wazee aghalabu ni wale ambao hali yao imeshinda nguvu za familia.

Kazi yangu ilikuwa ya mikono midogo midogo: kuandaa meza, kusukuma viti vya magurudumu, kusoma gazeti kwa sauti, na saa tisa alasiri kupeleka kahawa na keki. Bibi mmoja aliyevuka miaka 90 alinikosoa asubuhi ya kwanza. Nilikuwa nimepaka siagi katikati ya mkate, kama tunavyopaka nyumbani. Akanishika mkono, akausogeza mpaka ukingoni kabisa mwa kipande, kona zote nne. Mkate wa kule ni mzito na wa kahawia, na pembe isiyo na siagi humkwama mzee kooni. Kuanzia siku hiyo nilipaka mpaka ukingoni, vipande arobaini kila asubuhi, na yeye akiangalia. Mwanawe alikuwa akija kila siku saa kumi na moja jioni, na mfukoni hubeba kikata kucha.

Sisemi upweke haupo pale. Upo, nimeuona, hasa siku za Jumapili. Lakini nilikwenda nikiwa nimebeba hukumu juu ya watu nisiowajua, sawasawa na yule mvolontia aliyeamini kwamba kwetu hakuna anayejua rangi.

"Kujitolea ni safari ya bure"

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliutumia msemo huo mwaka 1962 alipoeleza ujamaa, kwamba katika jamii yetu ya zamani kila mtu alikuwa mfanyakazi, hata mgeni. Kwenye safari za kujitolea jembe unapewa siku ya kwanza.

Zipo namna tatu, na watu wanazichanganya. Kuna mipango ya serikali na mashirika makubwa, ambayo inakugharamia lakini ina usaili na masharti. Kuna kubadilishana kazi kwa malazi, kama utaratibu wa mashamba ya kilimo hai ulioanzia Uingereza mwaka 1971 na sasa umeenea dunia nzima: unafanya kazi saa nne hadi sita kwa siku, mwenye shamba anakupa kitanda na chakula, hakuna pesa inayobadilishana mikono. Halafu kuna kampuni zinazokutoza wewe fedha ili ukafanye kazi. Hizo za tatu ndizo zenye matangazo mazuri kuliko zote. Wakala mmoja alichukua laki nne zangu, akaziita gharama za uratibu, akanitumia barua yenye muhuri, kisha simu yake ikawa haipatikani tena. Nilikuwa nimezichanga kwa miezi saba.

Hata kitanda kikiwa cha bure, gharama zako zipo palepale. Pasipoti yetu ni shilingi 150,000. Chanjo ya homa ya manjano unaipata mara moja, na tangu Julai 2016 ile kadi ya njano inatambulika kwa maisha yako yote, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba imeisha baada ya miaka kumi. Viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, ni euro 90 tangu Juni 2024, na inadai bima ya afya isiyopungua euro 30,000. Nepal unapata viza ukifika: dola 30 kwa siku 15, dola 50 kwa siku 30, dola 125 kwa siku 90. Kabla ya kukubali mahali popote, uliza kwa maandishi: saa ngapi kwa siku, mapumziko lini, nalala wapi na nani, nikiugua nani analipa. Mwenyeji mwema hakasiriki kuulizwa.

"Hulipwi, kwa hiyo viza ya utalii inatosha"

Nchi nyingi haziangalii kama umelipwa. Zinaangalia kama umefanya kazi. Nepal inamkataza mwenye viza ya utalii kufanya kazi, ya malipo au isiyo ya malipo. Hata hapa kwetu mgeni anayekuja kujitolea anatakiwa kuwa na kibali cha ukaazi daraja C, wala si ile viza ya kupandia mlima Kilimanjaro. Mwenye pasipoti kama yetu akikamatwa na kosa hili anaandikwa, na maombi yake yajayo yote yataulizwa habari hiyo. Ndiyo sababu Nepal nilikwenda kama mtalii na nikabaki mtalii.

"Watoto yatima wanakusubiri"

Hapa naomba mnisikilize kwa makini.

Kule Pokhara, mji wa watalii nchini Nepal, kwenye ukuta wa nyumba ya wageni niliyolala, palibandikwa karatasi yenye picha za watoto wanaocheka: njoo ujitolee kituoni, hata wiki moja, huhitaji ujuzi. Bei iliandikwa chini ya picha. Nikawaza, mbona kituo kinampokea mtu yeyote, akae na watoto, bila kumuuliza hata jina la alikotoka?

Ukweli wa vituo hivi umeshachunguzwa. Sehemu kubwa ya watoto waliomo duniani kote wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Nchini Nepal mawakala walikwenda wilaya za mbali za milimani, kama Humla, wakawaahidi wazazi maskini kwamba watoto watasomeshwa mjini, wakawashusha hadi Kathmandu, mji mkuu. Vituo vimejazana mahali penye watalii, si mahali penye yatima. Cambodia idadi ya vituo ilipanda kwa asilimia 75 kati ya mwaka 2005 na 2010, na miaka hiyo hapakuwa na vita wala tauni iliyoua wazazi. Kilichoongezeka ni wageni wenye huruma na pochi. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya vya watoto mwaka 2017. Mwaka 2018 Australia ikawa nchi ya kwanza kuhesabu biashara ya watoto wa vituo hivyo kuwa aina ya utumwa mamboleo.

Na hata kituo kikiwa halali, mtoto anayeshikwa mkono na mgeni mpya kila wiki mbili anaachwa kila wiki mbili. Nakumbuka mwenyewe. Yule mvolontia wa tatu, aliyekuwa na nywele nyekundu, nilimpenda sana. Alituahidi atarudi kabla ya Krismasi. Mdogo wangu alikuwa akikaa getini kumngojea, na mimi nilikuwa na mama wa kurudi kwake jioni.

Kama una ujuzi, wafundishe watu wazima wa pale ili kazi iendelee ukiondoka: mwalimu amfundishe mwalimu, fundi amfundishe fundi. Kama huna ujuzi, palilia, osha vyombo, lipa chumba chako. Ile karatasi ya Pokhara sikuifuata. Nilipanda milimani, nikala kwenye nyumba za chai wanazolala wapandaji, ambako kitanda ni cha bei ndogo mradi chakula ule hapohapo. Wanapika wali na dengu, dal bhat, na mama mwenye nyumba anarudi na sufuria kukuongezea mpaka ufunike sahani kwa kiganja na kusema "pugyo", imetosha. Sahani ile nililipia, na fedha ilikwenda moja kwa moja kwa mama anayesomesha watoto wake akiwa nao nyumbani.

"Mwanamke akisafiri peke yake atapotea"

Tahadhari ni za lazima: kufuli lako mwenyewe kwa kabati la hosteli, mtu mmoja nyumbani anayejua unalala wapi, usafiri unaofika mchana. Lakini mahali nilipoogopa zaidi ni madirisha ya uhamiaji. Wenzangu wa hosteli walipita kwa dakika moja, mimi niliombwa tiketi ya kurudi, taarifa ya benki, barua ya mwenyeji, na kuketi pembeni. Nilianza kubeba vyote vimechapishwa, kwenye bahasha ya plastiki, juu kabisa ya begi.

"Ukirudi umerudi na hela"

Pesa ya mfukoni ni ya mfukoni kweli. Ilinitosha sabuni, vocha, na treni za mikoa za siku za mapumziko. Nilirudi na pakiti mbili za chai ya Nepal, sweta niliyoachiwa na yule bibi, na lugha moja zaidi. Baba mdogo aliuliza gari liko bandarini lini, nikamweleza taratibu, naye akaelewa taratibu.

Nilifika Moshi siku ya Alhamisi. Ijumaa mama aliniacha nilale hadi jua likapanda, akazuia hata majirani wasinipigie hodi. Jumamosi alfajiri alinigongea dirisha twende tukapalilie migomba, na jembe langu alikuwa ameshaliegemeza ukutani.